Maji Kwenye Chetezo

Siku ya arobaini ya binti yangu nilimwaga maji kwenye chetezo cha mama mkwe wangu, mbele ya wageni, wali ukiwa bado jikoni. Mpaka leo wapo wanawake wazee wa Rumonge ambao wakinisalimia huniangalia mikono kwanza, kana kwamba bado nimeshika ile kata ya kibuyu. Waache waangalie. Nilimwaga, na ingekuwa leo ningemwaga tena, na ningetafuta kata kubwa zaidi.

Watoto wa siku hizi huenda hawaelewi uzito wa jambo hilo. Chetezo ni kile chombo cha udongo chenye mguu. Ndani yake unatia makaa, juu ya makaa unatia ubani au udi, na moshi ukipanda ndipo nyumba inakuwa nyumba ya watu. Zama zile za Wadachi, yaani Wajerumani, sisi Waswahili wa ufukwe huu tulikuwa wachache, wavuvi na wachuuzi na mafundi, katikati ya Warundi wa milimani, na chetezo kilikuwa alama yetu. Kilimfukiza bibi harusi, kilimfukiza maiti, kilifukiza nguo za Ijumaa. Mtoto akitimiza arobaini alipitishwa juu ya moshi wake ndipo atolewe nje watu wamwone. Mama mkwe wangu alikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, na walioshuka naye walisema safari nzima alikipakata chetezo chake, mizigo mingine akaiacha ilowe.

Basi mwanamke huyo, kwa kudra ya Mungu, akapata mkamwana mwenye pumu.

Nimezaliwa nayo. Kwetu ni Kizuka, kwenye michikichi. Baba yangu alikuwa seremala Mswahili, mama yangu Mrundi. Tangu utotoni kifua changu kina tabia zake. Kwanza koo linawasha, kisha unasikia mluzi mdogo ndani, halafu hewa inaingia lakini haitaki kutoka, na wewe umeinama, mikono magotini, ukihangaikia kitu ambacho mbuzi na kuku wanakipata bure. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu aliyepumua vizuri maisha yake yote ataniambia nivumilie. Nami nitamwambia azibe pua na mdomo kwanza, kisha anifundishe uvumilivu.

Mama yangu hakuwa na dawa. Alikuwa na akili ya kunihamisha. Wakichemsha mawese na moshi ukielekea huku, alinibeba kule. Nikibanwa, alinikalisha mlangoni penye upepo, wima, mgongo wangu kifuani mwake, akiusikiliza mluzi mpaka upite. Hakuniita mgonjwa. Alisema tu, "Huyu iko na kifua," kama mtu anavyosema huyu ni mrefu, huyu ana mwanya. Nikakua nikijua hivyo: nina kifua kibaya, na basi.

Aliyenioa alikuwa mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Asubuhi alizinunua Magara wavuvi wakirudi, akazikausha mchangani, akazipandisha milimani kwa watu wa Bugarama. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa kukera, maana ukimletea ugomvi alikuuliza kama umekula. Siku za harusi walinifungia chumbani na kunifukiza asubuhi na jioni, nguo na nywele na mimi mwenyewe. Nilipoanguka mbele ya wageni nikitafuta pumzi, wanawake walipiga vigelegele. Walidhani ni haya ya bibi harusi.

Nyumba niliyoingia ilikuwa safi, nasema hivyo kwa haki. Ilifagiliwa asubuhi na jioni, na vumbi la ufagio lilinipata asubuhi na jioni. Kuku walilala ndani kwa sababu ya kicheche. Mto wangu, alioushona mama mkwe kwa mkono wake ili kuniheshimu, ulijaa manyoya ya kuku haohao. Nyuma ya ukuta wa chumba chetu palikaa vikapu vya ndagala kavu, na ndagala kavu ukizigusa hutoa unga mwembamba unaoingia puani kabla hujaona kitu. Na kila Alhamisi alasiri, madirisha yakizibwa ili moshi usipotee bure, chetezo kilizunguka chumba kwa chumba. Ijumaa nzima mimi nilikaa kitandani nikipiga mluzi.

"Iko jini mu kifua ya huyu," mama mkwe alimwambia mume wangu, mimi nikiwa palepale nimeinama. "Jini ya ziwa. Inapiga filimbi. Weye husikii?"

"Nina kifua, Mama," nilisema. "Sina jini."

"Jini haiwezi kusema 'niko jini'," akajibu.

Mume wangu aliniuliza kama nimekula.

Kwetu jini hutolewa kwa moshi. Walinikalisha juu ya kigoda, chetezo kati ya miguu yangu, wakanifunika shuka la merikani tangu kichwani mpaka chini, na wanawake wawili wa jirani wakashika pindo nisitoke. Wakatia ubani, na juu ya ubani manyoya ya kuku, maana inasemekana jini hana anachokichukia kama manyoya yanayoungua. Nje ya shuka nilimsikia mmoja akisema, "Dawa ya moto ni moto." Ndani ya shuka sikumwona jini. Niliona wekundu, kisha weusi, na nikasikia hasira ikipanda kutoka mahali nisipopajua. Nikapiga teke. Kigoda kikaenda huku, makaa yakaenda kule, mwanamke mmoja akaungua kidole cha mguu, na mimi nikakimbia na shuka langu kichwani mpaka ziwani, nikaingia majini hadi kiunoni. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Kongo. Nilisimama mle mpaka kifua kikafunguka.

Na unajua walifanya nini wale wanawake ufukweni? Walipiga vigelegele. Jini amekimbilia majini! Tiba imefaulu! Hilo liliniudhi kuliko moshi wenyewe.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Jioni ileile alinikalisha ukumbini akanisuka nywele zilizonuka manyoya, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya mama yangu. Akaniambia jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kumsimulia vizuri.

"Nilikuwa na mutoto mwingine nyuma ya mume wako. Jini ilimukamata kifua hivi hivi. Tulimufukiza, tukamufukiza. Ikatushinda." Vidole vilisimama kwenye nywele zangu, kisha vikaendelea. "Weye haitakushinda. Siwezi kuacha."

Nilimwonea huruma na nilimwogopa, vyote viwili kwa wakati mmoja, na bado kichwa changu kilikuwa mikononi mwake.

Miaka ile malale, ule ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o, ilikuwa imeshika ufukwe. Wadachi waliamuru vichaka vya kando ya ziwa vikatwe na kuchomwa, na kwa siku nyingi mji mzima ulivuta moshi niliouvuta mimi peke yangu kila Alhamisi. Watu walikohoa, wakafuta macho, wakalalamika mpaka nikakaribia kucheka. Kisha ikasemwa kwamba mimi nina malale, kwa kuwa nilisinzia mchana. Aliyekesha amekaa wima atasinzia lini? Mzungu daktari alipokuja na askari wake kupima watu, nilikwenda kwenye mstari mwenyewe kabla ya kuitwa. Alikuwa akipapasa shingo, moja baada ya nyingine, akitafuta uvimbe. Alinipapasa mimi kifua kikipiga mluzi mbele ya uso wake.

"Shingo nzima," askari alitafsiri. "Pita."

"Na kifua?"

Askari alimtazama Mzungu, akanitazama mimi, wala hakujisumbua kuuliza. "Bwana mkubwa anataka shingo. Kifua yako peleka kwenu."

Nikakipeleka kwetu. Njiani niliamua kwamba kwa vile waganga wa moshi wanaona jini na waganga wa serikali wanaona shingo, kifua hiki atakiangalia mwenye nacho.

Nilianza na kitanda. Nilitoa mkeka nikalala barazani, mke wa mtu, mbele ya njia, ambapo wavuvi wakipita alfajiri walinikuta nimejifunika kaniki wakageuza nyuso. Aibu ikaenea mpaka Magara. Mume wangu alikuja akasimama mlangoni akisema watu watasemaje. Nilimwambia watasema mkeo anapumua. Siku zilizofuata alitoa mkeka wake pia, akalala kizingitini, nusu ndani nusu nje, na hivyo ndivyo alivyokuwa katika mambo yote.

Barazani nililala vizuri. Nikirudi ndani, nabanwa. Basi nikaanza kujaribu kitu kimojakimoja, kama mtu anayetafuta panya. Mto niliupasua ufukweni, manyoya yakaelea majini, nikaujaza majani makavu ya mgomba. Nayo yakanipa mluzi, nikayatupa, nikalalia kaniki iliyokunjwa. Kuku niliwajengea kibanda kwa mikono yangu, na kicheche alipokula mmoja, mama mkwe alinihesabia kosa hilo kwa muda mrefu. Kabla ya kufagia nilinyunyiza maji sakafuni. Jirani wakasema mkamwana yule anaoga mpaka nyumba. Vikapu vya ndagala nilivihamisha mwenyewe, uso nimeufunga kwa kitambaa chenye maji, wachuuzi wakicheka kwamba nimekuwa mtawa. Nilibanwa siku ile vibaya sana, lakini vikapu havikurudi.

Mama mkwe alipigania kila kimoja na kila kimoja akakiachia mwishoni, kwa kusonya. Chetezo hakukiachia. Alhamisi ikifika mimi nilichukua mtungi nikaenda ziwani, nikakaa huko mpaka jua lizame. Tulikuwa tumefika hapo, kila mtu na zamu yake, na labda tungezeeka hivyo.

Ndipo nikapata mimba, nikajifungua binti, na baada ya wiki chache nikausikia. Alikuwa amelala begani kwangu. Mluzi, mwembamba, wa mtoto, uleule wangu. Sijawahi kuogopa kitu vile. Wangu niliuzoea. Huu ulikuwa ndani ya kifua kisichotosha kiganja.

Arobaini ilikuwa inakaribia. Nilimwambia mume wangu kwamba mtoto hatapita kwenye moshi. Akaenda kwa mama yake, akarudi amejikunyata.

"Mama anasema mutoto asipopita mu moshi si wa nyumba hii. Anasema nikuandikie talaka urudi Kizuka."

"Nitarudi na mtoto."

"Mutoto ni wa kwetu," alisema, polepole, kwa sababu ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo sheria, mtoto ni wa baba. Nikiondoka, binti yangu atabaki mle ndani na Alhamisi zake zote, bila hata mtu wa kumpeleka ziwani. Hapo nikaona kwamba mlango wa kuondokea umefungwa.

Jirani yangu mmoja, Mmanyema mcheshi aliyenipenda, alinipa njia. "Sema jini yenyewe imekatalia moshi. Sema imekuja mu ndoto, inataka upepo tu. Mganga namujua, atasema ndiyo. Mama mukwe wako atakubali, na hakuna mutu atapoteza uso."

Ilikuwa njia nzuri. Nililala nikiifikiria, na ningekuwa na akili za mtu mzima ningeifuata. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na haki. Nikisema jini amekataa moshi, nimesema jini yupo. Kesho atakuja mganga mwingine aseme jini amebadili mawazo, na binti yangu atafunikwa shuka. Sikutaka kuazima uongo wao ili niokoke nao. Nilimwambia jirani, "Nina kifua, sina jini. Na mtoto ana kifua." Akatikisa kichwa, akasema mimi ni kichwa ngumu kuliko mawe ya Magara.

Siku ikafika. Wanawake walijaa ukumbini, wamevaa, wamepaka wanja. Mimi nilikaa kwenye mkeka na mtoto, na tangu alfajiri alikuwa akikoroma kidogo. Nilimwambia mama mkwe, mbele ya wote, kwa adabu, "Mama, nakuomba. Kifua chake kimebana leo."

"Ndiyo sababu," akasema, na akamchukua kutoka mikononi mwangu. Alimchukua vizuri, kichwa kimeshikwa, kwa mapenzi. Mtu mmoja akatia ubani. Moshi ukapanda mweupe, mzito, na mama mkwe akamshusha mtoto juu yake akisoma dua. Mtoto akakohoa. Akakohoa tena, kisha akafungua mdomo kulia na kilio hakikutoka.

"Mwacha mila ni mtumwa," mwanamke mmoja alinitupia, kwa kuwa nilikuwa nimesimama.

Mtungi ulikuwa pembeni ya mlango. Nilichota kata ikajaa, nikaja nayo katikati ya ukumbi, nikamwaga. Makaa yalilia, majivu yakaruka kwenye nguo mpya ya mama mkwe, udongo wa moto ukapasuka kwa maji baridi, na chetezo kilichotoka Ujiji kikakaa vipande viwili kwenye dimbwi jeusi. Sikuwa nimekusudia kukivunja. Ila sitasema kwamba nililia.

"Dawa ya moto ni maji," nilisema. "Nipe mwanangu."

Makaa yalipoacha kulia, mluzi wa mtoto ulisikika wazi, kila mtu aliusikia. Mama mkwe alikuwa bado amemshika. Alikuwa akinitazama kwa chuki, halafu akaacha kunitazama, akawa anasikiliza. Uso wake ulibadilika, na mimi ndipo nikaelewa nilichokuwa nimemwambia kwa kata moja ya maji. Ikiwa moshi ndio unaoua, basi mtoto wake wa pili hakuuawa na jini. Miaka yote hiyo alikuwa analinda moto ule kwa sababu ukizimika atabaki na mikono yake mwenyewe. Nilihisi uchungu wake, naapa. Lakini sikurudisha neno langu, na nilinyoosha mikono.

Akanipa mtoto. Akaingia chumbani kwake.

Wageni wakageuka kumtazama mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni, wakisubiri talaka. Yeye aliinama, akaokota vipande vya chetezo, akavitoa nje, akarudi akifuta mikono kwenye kanzu.

"Wali unapoa," alisema. "Watu wamekuja kula. Tule."

Upole ule ule uliokuwa ukinikera. Watu wakala.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama mkwe hakusema nami kwa muda mrefu. Chumvi akiitaka alimtuma mume wangu, hata nikiwa nimeishika. Alinunua chetezo kingine, kidogo, na Alhamisi alikwenda nacho ziwani, mbali, chini ya upepo, akafukiza nguo zake huko peke yake. Kabla ya kuingia nyumbani alioga na kubadili nguo. Hakuniambia kwa nini, wala sikuuliza. Nilikuwa nimeshinda na nilijua kukaa kimya ninaposhinda, jambo ambalo watu wengi hawajui.

Siku moja, mtoto akiwa ameshaachishwa kunyonya, nilikwenda Kizuka kwa mama yangu aliyeumwa, nikamwacha mtoto kwa baba yake. Nikiwa njiani kurudi, upepo wa kiangazi ulikuwa unapuliza vumbi jekundu barabarani, na kifua changu kikaanza. Nikajua na cha mtoto kimeanza. Nilitembea huku nabanwa, nikisimama, nikitembea, na yote niliyoyaona mbele yangu yalikuwa shuka la merikani.

Mume wangu hakuwepo, alikuwa amepanda na ndagala. Barazani, upande wa upepo, alikaa mama mkwe. Kuku walikuwa wamefungiwa. Sakafu ilikuwa imenyunyiziwa maji. Alikuwa amemkalisha mtoto wima mapajani, mgongo wa mtoto kifuani mwake, sikio lake limelala juu ya mgongo ule mdogo. Sijawahi kumwonyesha kukaa vile. Labda aliniona nikifanya, siku zile alipojifanya hanioni.

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Nyamaza. Namusikia."

Nikakaa chini kando yake, kwa sababu hewa ilikuwa imekwisha. Akanitazama nilivyoinama, akasogea ili na mimi nipate upepo. Tulikaa hivyo, watatu, wawili tukipiga mluzi na mmoja akisikiliza. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima ya Kongo mtoto alipolegea, akapata usingizi.

"Anapumua," mama mkwe alisema. Hakuinua sikio lake. "Ule wangu hakupata mutu wa kumumwagia maji."

Nilikuwa mtu mwenye jibu la kila kitu, kila mtu Rumonge atakuambia. Siku ile niliegemeza kichwa begani kwake.